Waya Ulioachwa

Wote mlioizunguka ile Hiace nyeupe siku ilipofungwa alamu mliiona milango ikijifunga yenyewe, mara tu ncha ya tesita ilipougusa waya mwembamba nyuma ya swichi ya mlango wa dereva, na wengi wenu mlicheka; ilhali pale, katikati ya kicheko chenu, ndipo kazi nzima ilipokuwa imekwisha, lau fundi angalijua kwamba imekwisha. Hakujua. Aliitazama balbu ya tesita, akaona haikuwaka, akahukumu kwamba waya umekufa, akauacha, akaenda kung'oa paneli ya mlango kuzitafuta nyaya za mota. Uamuzi huo mmoja ndio ulionishikisha kalamu, nami sioni hujja hata moja ya kuutetea.

Insafu yanitaka niseme kwamba king'ora kilielekezwa mdomo chini kisikusanye maji, swichi ya boneti ilikaa pake, na ethi ya alamu ilifungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Basi, turudi mlangoni.

Katika gari ile, kama katika Toyota nyingi, swichi ya mlango haipeleki moto popote. Kazi yake ni kuushusha waya wa amri kwenye ethi, na kisanduku cha rilei, kikihisi kwamba waya umeshuka, ndicho kinachozigawia nguvu mota za milango yote. Waya huo unapopumzika una volti zake, lakini mkondo wake ni mdogo mno hata hauwezi kuiwasha balbu. Hata hivyo utepe wa balbu, maadamu mguu wa tesita umebanwa kwenye bodi, ni njia nyepesi ya kushukia ethi, na ndiyo sababu kisanduku kilidhani dereva amebonyeza swichi, kikatii. Yaani tesita iliufanyia waya ule jambo lile lile ambalo alamu ilipaswa kuufanyia, tena mbele ya mashahidi, na aliyeishika hakutambua kwamba amekwisha jibiwa.

Nanyi mwajua jinsi kazi ilivyobaki kuwa nyepesi. Alamu ina nyaya sita za loki, tatu za kufunga na tatu za kufungua: zile mbili za kati zingekwenda ethi, zile mbili ambazo rilei ikilala huwa hazijaguswa zingeungwa kwenye waya wa kufunga na wa kufungua, na mbili zilizosalia zingezibwa ncha zisiguse kitu. Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje; huyu alikuwa nazo kenda kiganjani, akazitupa.

Tazameni alikokwenda. Nyaya mbili za mota, wakati wa kupumzika, zote mbili zimelala kwenye ethi kupitia rilei za gari. Loki ikifungwa, mmoja hupewa moto na mwenziwe hubaki ethi, na ikifunguliwa mambo hupinduka. Atakaye kuingilia hapo hana budi azikate nyaya hizo na kuzipitisha katika rilei za alamu, ili moto wa alamu na ethi ya gari visikutane kamwe. Fundi wetu hakukata. Aliwambua ngozi ya waya, akasokota, akapiga tepu, akaleta moto wa betri moja kwa moja, na rimoti ilipobonyezwa mara ya kwanza betri ikajimwaga kwenye bodi na fyuzi ya ampea 15 ikakatika. Hapo aliambiwa kwa mara ya pili, na kwa sauti kubwa zaidi. Jibu lake likawa kuweka fyuzi ya ampea 30. Milango ikajifunga kwa uvivu, nanyi mkapiga makofi. Mgeni aliyekwisha funguliwa mlango na bawabu, kisha akarudi nyuma akaparamia ukuta, angalau hujichubua mwenyewe. Mtu huyu amemwachia mwenye gari majeraha, kwani kila rimoti inapobonyezwa rilei asilia hubeba mzigo usio wake, na siku rilei hiyo itakapogandamana, fyuzi iliyowekwa ilinde waya itangoja hadi waya wenyewe uungue, tena ndani ya mpira wa mlango ambamo hakuna aonaye.

Wasomaji wangu wa zamani watasema nimerudia wimbo wangu, nami sikatai. Tesita ya balbu ni chombo cha kutafutia moto, wala si mizani ya kupimia waya wa amri; mita ingeonyesha volti zikisimama, kisha zikianguka hadi sifuri kila swichi inapobonyezwa, na mjadala ungefungwa. Kadhalika tepu, ambayo kwa joto letu la pwani gundi yake huyeyuka ikateleza, na shaba ikafanya kutu ya kijani, haijapata kuwa mbadala wa risasi.

Mafundi wa kale wasingeanguka hapa, wala si kwa kuwa walikuwa malaika. Asubuhi waliletewa Morris Minor, ambayo upande wake wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi; adhuhuri ikaja Volkswagen ya volti 6, ambayo ethi yake ni hasi; na aliyedhani badala ya kuuliza aliunguza kitu kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo swali lao la kwanza, kabla ya koleo kutoka mfukoni, lilikuwa: ethi i wapi, na waya huu wangoja nini? Siku hizi karibu kila gari lina ethi hasi, na raha hiyo imewaondolea wengi ada ya kuuliza.

Alhasil, mwenye Hiace asingoje rilei iungue. Arudi, ang'olewe yale yaliyosokotwa mlangoni, nyaya za mota zichomelewe risasi na kuvikwa upya, ampea 15 irudi mahali pake, na nyaya mbili za amri zipewe ethi yake alamu. Na atakayekabidhiwa kazi hiyo, kama ni yule yule, aanze kwa kuugusa tena waya wa swichi kwa tesita yake, na safari hii aitazame milango.