Mkwaju Ndani ya Mabano

Ukifungua Useful Trees and Shrubs for Tanzania, kitabu cha Mbuya, Msanga, Ruffo, Birnie na Tengnäs kilichotolewa Nairobi mwaka 1994, utaona kila mti umekatiwa kipande cha maelezo kwa mpangilio uleule, na mchoro wake wa kalamu. Jina la kisayansi, majina ya lugha za makabila, mazingira, matumizi, umbo, uoteshaji, mbegu, utunzaji. Mkwaju, ambao Wasukuma huuita bushishi, nao umepita humo humo. Msomaji wa Binza, wilayani Maswa, asihangaike kuutafuta mkoa wake kitabuni: Simiyu ilianzishwa 2012, na siku zile Maswa na Bariadi zilikuwa Shinyanga bado.

Sehemu ya matumizi ndiyo ya kusomwa polepole. Haina kitenzi. Ni nomino tupu zilizotenganishwa kwa mkato, kuni, mkaa, chakula, na dawa imebanwa katikati yake, sehemu za mti zikiifuata ndani ya mabano. Hakuna anayechuma, hakuna anayechemsha, hakuna anayeumwa.

Mkato husawazisha, na hapa unasawazisha visivyolingana. Nyama ya ukwaju ina asidi nyingi ya tartariki pamoja na chumvi yake ya potasiamu, ndiyo maana hulainisha choo. Tunda likiiva sukari huongezeka, lakini asidi hiyo haipungui, kwa hiyo hata ukwaju mbivu hukunja uso. Gome nalo lina tanini, zinazokaza utumbo, na maji yake hunywewa kuzuia kuhara. Tunda linafungua, gome linafunga. Ndani ya mabano vimekaa bega kwa bega kana kwamba vinafanya kazi moja. Mama anayekoleza uji wa mtama kwa ukwaju hawezi kukosea hivyo. Yeye anajua kiasi, na anajua nani asipewe.

Vitenzi vinarudi kwenye uoteshaji. Hapo mbegu zinahesabiwa kwa kilo, zinaandaliwa, zinahifadhiwa. Mbegu ina kipimo, mgonjwa hana. Siwalaumu waandishi, maana walimwandikia bwana misitu na mkulima, na kwa hao umbo hili ni zuri mno: unapata jibu ukiwa umesimama kitaluni. Ila vitabu vingi vya mitishamba vimeliiga bila kujiuliza lilitengenezewa nani.

Linganisha na utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2002: wavulana wa shule walipewa gramu 10 za ukwaju kila siku kwa siku 18, na floridi iliyotoka kwenye mkojo wao ikaongezeka. Jambo hilo linawagusa watu wa Meatu, jirani wa Maswa, ambako kuna maji ya visima yenye floridi ya kuharibu meno. Sentensi ile moja ya utafiti ina mtendaji, kipimo, muda na matokeo, na kwa orodha ya nomino na mkato haiandikiki.