Jicho la Fundi wa Matondoni

Fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, hatafuti mti ulionyooka. Kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, anataka tawi lililopinda lenyewe, kwani mbao inayofuata mpindo wake wa asili huvumilia mawimbi kuliko iliyokatwa kinyume cha nyuzi zake. Hulitazama, akaligeuza, akalitazama tena, ndipo tezo ianze kazi. Mchoro hana, kipimo chake ni jicho.

Msumari nao hauna haraka. Keekee hutangulia kutoboa, mbao isije ikapasuka. Kisha huja kalafati, kazi ambayo mtu anaweza kuitazama asubuhi nzima asichoke. Pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa, ikashindiliwa kwenye mwanya kati ya ubao na ubao. Ikipungua, maji yataingia. Ikizidi, mbao zitaachana. Mwanagenzi hukijua kiasi chake kwa kusikiliza mlio wa nyundo unavyobadilika pamba inaposhiba. Mwisho tumbo la chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ili wadudu wa baharini wasilitoboe.

Ujuzi wa namna hii ukikatika, kuurudisha ni taabu. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Waliotaka kuuunda tena ilibidi wachunguze picha na vielelezo vya makumbusho, kwa sababu mikono iliyoushona haikuwapo.

Lakini palipo na mikono, hata malighafi ngeni hupata mwenyewe. Mwaka 2018 jahazi la FlipFlopi lilishuliwa Lamu, limeundwa kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa vipande vya ndara za rangi. Mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki haina nyuzi wala mpindo wa mti, ila mafundi walioliunda jahazi hilo walikuwa na tezo zao, mataruma yao na jicho lao.

Kwa hiyo anayetaka kuuhifadhi ufundi huu aanze na agizo la kazi. Boti za faiba zinapatikana upesi, na kijana hawezi kukaa miaka chini ya fundi asiye na chombo cha kuunda. Tajiri anayeagiza jahazi jipya Matondoni analipa mbao na misumari, na papo hapo analipia somo la mwanagenzi.