Aliyerudi Kuchukua Ulezi

Kusimulia upya ngano za kale hudhaniwa kuwa kazi nyepesi: mvike shujaa suruali, mtie simu mkononi, zimwi lihamie mjini, basi. Riwaya za ajabu zilizotungwa hivyo husahaulika upesi, na zinastahili. Fundi halisi hufanya jambo dogo zaidi lakini gumu zaidi. Huitafuta nukta moja inayobeba hekaya nzima, akaigeuza hiyo tu, mengine akayaacha yalivyo.

Chukua kisa cha mume na mke wa kwanza, Kintu na Nambi, ambacho si mali ya Buganda peke yake. Zipo simulizi zinazosema Kintu alitokea upande wa Mlima Elgon, akapita Bugisu na Busoga kabla ya kufika huko. Ggulu, mkuu wa mbinguni, anamwoza Kintu binti yake Nambi na kuwaonya maarusi: ondokeni upesi, wala msirudi hata mkisahau kitu, maana Walumbe atawafuata. Walumbe ni kaka yake Nambi, naye ndiye mauti. Njiani wanakumbuka kwamba ulezi wa kuku umebaki. Mmoja anarudi, Walumbe anamwona, na tangu siku hiyo watu wanakufa. Hekaya yote imekaa juu ya konzi ya ulezi.

Nani alirudi? Wengi leo watajibu bila kusita kuwa ni Nambi, na lawama ya kifo imemganda mwanamke. Lakini John Roscoe, mmishonari aliyechapisha The Baganda mwaka 1911, aliandika kisa ambamo Kintu ndiye aliyeshikilia kurudi, na Nambi ndiye aliyemsihi asiende. Mbingu ni zile zile, kuku ni wale wale. Kilichobadilika ni miguu iliyorudi, na pamoja nayo hukumu nzima. Jennifer Nansubuga Makumbi aliijua thamani ya nukta kama hii. Katika The First Woman (2020), riwaya inayoanzia Uganda ya Idi Amin mwaka 1975, msichana Kirabo ana nafsi ya pili inayoruka nje ya mwili wake, na bibi kipofu, Nsuuta, anamfunulia habari za mwanamke wa kwanza kwa namna isiyosimuliwa hadharani. Uchawi wa kitabu hicho haukuwekwa kwa ajili ya pambo. Unauliza upya swali ambalo hekaya ilikuwa imeshalijibu kwa haraka.

Watasema huko ni kuharibu urithi. Urithi upi, ikiwa matoleo mawili yanapingana juu ya jambo kubwa kuliko yote? Hata ndugu Grimm, wanaosifiwa kwa kuhifadhi, walimwacha mama mzazi atake kumuua Snow White katika chapa ya 1812, kisha mwaka 1819 wakamgeuza kuwa mama wa kambo. Fanani hachezei ngano kwa kuibadilisha. Huichezea anapobadilisha pasipo maana.

Pingamizi la lugha ni zito zaidi. Riwaya ya Kiingereza haimfikii kwa urahisi bibi wa Busoga anayesimulia kisa hicho hicho kwa Lusoga. Hilo nalikubali, ila ni upungufu wa uchapishaji, ufundi hauna kosa. Shaaban Robert alichukua kisa cha Alfu Lela Ulela cha ndugu wawili waliogeuzwa mbwa, na katika Adili na Nduguze (1952) akawafanya manyani, kwa Kiswahili kisicho na harufu ya ugeni.

Na kazi bado ipo. Huko Mbale, kila mwaka wa shufwa, msimu wa imbalu, jando la Bugisu, unafunguliwa Mutoto, na kinasimuliwa tena jinsi mhenga wao Masaaba alivyokubali kutahiriwa kwa kuwa Nabarwa, binti wa kigeni, alilifanya hilo sharti la ndoa. Baada ya sharti, Nabarwa hana neno tena. Aliliweka kwa kuwa ndiyo mila ya kwao, au alidhani Masaaba atakataa na kumwacha arudi kwa baba yake? Mtunzi akichagua la pili, jando lote la mlimani litakuwa limezaliwa na jaribio la msichana kukwepa ndoa.