Honda Vezel haibridi ya mtumba: kijiko cha mafuta kinachookolewa kwenye foleni, na bili inayojificha kwenye gia

Tuanze na kijiko. Kijiko cha chakula, kile cha kulia wali, kinabeba takriban mililita 15. Hicho ndicho kiasi cha petroli ambacho gari ya kilo 1,350, dereva akiwa ndani, inachoma ili kutoka sifuri mpaka kilomita 50 kwa saa. Hesabu yenyewe ni ya sekondari: nusu ya uzito mara mwendo kwa mraba, unapata karibu kilojuli 130. Lita moja ya petroli ina megajuli kama 32, ila injini ya kawaida inafikisha kwenye matairi robo tu ya hizo, au zaidi kidogo. Nyingine zote zinaishia kwenye rejeta na ekzosi. Gawanya, kijiko hicho hapo.

Halafu unafika kwenye taa za Morocco, unakanyaga breki, na kijiko chote kinageuka joto la pedi za breki. Taa zikiruhusu unamwaga kijiko kingine. Mita hamsini mbele bajaji inakukatiza, cha tatu. Ukitaka kujua kwa nini gari ile ile inayofika Morogoro kwa mafuta kidogo inakuwa mlafi ikiingia Kariakoo, jibu ni hilo. Mafuta hayaendi kwenye safari, yanaenda kwenye breki.

Gari ya haibridi ipo kwa ajili ya kijiko hicho. Ukiachia mafuta au ukigusa breki, mota ya umeme inageuzwa kuwa jenereta, matairi yanaizungusha, na sehemu ya ile nguvu inarudi kwenye betri badala ya kuunguza pedi. Hairudi yote, msidanganywe. Kuna kinachopotea kwenye jenereta, kwenye betri wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka. Lakini hata nusu ya kijiko, mara mia kwa siku, ni mafuta.

Sasa tuje kwenye gari yenyewe, maana swali ambalo wengi mnaniuliza si la fizikia. Mnauliza: Vezel haibridi ya mtumba ninunue, nisinunue?

Nazungumzia Vezel ya kizazi cha kwanza, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa 2013 na kuendelea mpaka kizazi cha pili kilipokuja Aprili 2021. Kwenye namba ya chasisi utaona RU3 kama inaendeshwa na matairi ya mbele, au RU4 kama ni ya matairi yote manne. Ukikuta RU1 au RU2 hiyo ni ya petroli tupu, hata kama dalali anaapa vingine. Injini ni ya sentimita za ujazo 1,496, mota ya umeme ni ya kilowati 22, na betri ya lithiamu ina kilowati-saa 0.86 hivi. Namba hiyo ya mwisho ishike, tutairudia.

Mwenzangu wa maabara aliniachia yake ya 2015 kwa wiki mbili, nami nikaipima kwa njia ya kizamani: jaza tanki mpaka bomba la petroli lijikate lenyewe, endesha, jaza tena pampu ile ile, gawanya. Mlimani, Tegeta, Kariakoo, AC ikiwa imewashwa muda wote kwa sababu mimi si shujaa. Kilomita 412 kwa lita 23.6, yaani 17.5 kwa lita. Dashibodi ilikuwa inanionyesha zaidi ya 19, kwa hiyo hesabu ya dashibodi ichukulie kama salamu tu. Barabara kuu, kwenda Morogoro na kurudi kwa mwendo wa kistaarabu, ilitoa karibu 19.

Angalia hizo namba mbili kwa makini. Gari ya petroli ya saizi hiyo ingetoa tofauti kubwa kati ya mjini na safari, lakini hii karibu haijali. Haibridi haikufanyi uwe bingwa wa safari ndefu. Inaiondolea foleni adhabu yake. Ukishalielewa hilo umeelewa nusu ya ununuzi.

Na zile kilomita 27 kwa lita zilizoandikwa kwenye matangazo? Si uongo, ila zilipatikana kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08, kwa toleo linalokula kidogo kuliko yote. Kipimo hicho kina mwendo wa wastani wa kilomita 24 kwa saa, mwendo wa juu usiozidi 82, na AC imezimwa. Zima AC Dar mwezi wa Februari halafu uje tuongee.

Hapo ndipo betri ya 0.86 inaporudi. Ni betri ndogo mno. Ukiigeuza kuwa petroli, nguvu yote iliyomo ni sawa na mililita 100 hivi, nusu kikombe cha chai, na kompyuta ya gari hairuhusu hata itumike yote, ili isichakae haraka. Tuseme nusu yake ndiyo ya matumizi. AC yake inaendeshwa kwa umeme wa betri hiyo hiyo (jambo zuri, injini ikizimika baridi haikatiki), na kwenye joto letu tuseme inavuta kilowati moja na ushei. Ukisimama foleni bila kusogea, baada ya dakika ishirini hivi akiba imekwisha na injini inaamka kuchaji. Si ubovu huo. Wapo wanaokimbilia kwa fundi kwa sababu "gari inawaka yenyewe". Inawaka kwa sababu inakula.

Udogo huo unaonekana pia mlimani. Chukua mteremko wowote unaokushusha mita 500, Kitonga au kwingine: gari ya kilo 1,350 inaachia megajuli 6.6. Betri nzima, hata ingekuwa tupu kabisa, inabeba 3.1. Kabla hujafika nusu ya mteremko imejaa, na kuanzia hapo unarudi kuwa dereva wa gari ya kawaida: gia ndogo, injini ikushikilie, breki kwa vituo. Anayekwambia haibridi inashuka Kitonga kwa jenereta peke yake hajawahi kupiga hesabu.

Mpaka hapa gari naisifia. Tatizo langu ni gia.

Toyota, tangu Prius ya 1997, inaunganisha injini na mota kwa gia za sayari: moja katikati kama jua, nyingine zinaizunguka, na zote zimeshikana muda wote. Hakuna klachi ya kusuguana, kwa hiyo hakuna klachi ya kuisha. Honda kwenye Vezel hii walikwenda njia nyingine kabisa. Waliweka gia saba na klachi mbili kavu, moja ya gia witiri, nyingine ya gia shufwa, halafu mota ya umeme wakaipachika upande wa witiri. Barabarani mfumo huu ni mtamu. Unakanyaga mafuta gari inaruka, gia zinabadilika haraka, hakuna ule mlio wa injini inayolia huku gari haiendi. Anayependa kuendesha ataipenda.

Lakini fikiria klachi kavu kwenye foleni ya Mandela. Betri ikiwa na chaji, kusogea kidogo kidogo kunafanywa na mota, klachi inapumzika. Betri ikishuka, na tumeona inavyoshuka AC ikiwaka, kazi hiyo inahamia kwa injini, na injini haiwezi kwenda kilomita tatu kwa saa bila klachi kusuguana nusu nusu. Msuguano ni joto. Klachi iliyo ndani ya mafuta ingepozwa na mafuta. Hii inategemea hewa tu, na hewa yenyewe ni ya Dar es Salaam. Ndiyo maana kuna wenye Vezel wanaokutana na onyo la gia kupata joto kwenye dashibodi, na wengi wao walikuwa kwenye foleni au kwenye kilima, wakiishikilia gari kwa mguu wa mafuta badala ya breki. Ukiinunua, jizoeze kuacha nafasi mbele yako, kisha sogea mara moja kwa hatua ndefu, usimame kabisa. Watakupigia honi. Klachi yako itakushukuru.

Na kwa haki, Honda wenyewe walihangaika nayo. Mwaka 2014 waliziita Vezel na Fit za haibridi kurudi kwa mawakala wao Japani zaidi ya mara moja, kwa sababu ya programu zinazoongoza gia na injini. Nyingi zilirekebishwa. Kama yako ni ya miaka hiyo ya mwanzo, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya Honda ya Japani uone kama marekebisho yalifanyika. Ni Kijapani, lakini simu yako inajua kutafsiri. Mimi ningekwepa za 2014 nikatafuta za mwaka 2016 kuendelea. Huo ni mtazamo wangu, si sheria.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: gia hii ikifunguliwa au klachi ikibadilishwa, kompyuta inapaswa kufundishwa upya mahali klachi inapoanza kushika. Inahitaji mashine inayoongea na kompyuta ya Honda, pamoja na fundi anayejua kuitumia. Fundi wa chini ya mwembe, hata awe na mikono ya dhahabu, hapo amekwama. Kabla ya kulipia gari, mtafute fundi huyo kwanza, muulize bei ya seti ya klachi na bei ya betri kubwa, andika kwenye karatasi.

Betri kubwa inazeeka kwa matumizi, na inazeeka pia kwa kukaa tu. Wanakemia wana kanuni ya haraka haraka kwamba nyuzi 10 za joto zikiongezeka, kasi ya mabadiliko ya kikemikali inakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo gari iliyoishi kaskazini mwa Japani na gari iliyoishi miaka mitano juani Kinondoni si pacha, hata odomita zikilingana. Kuijaribu si lazima uwe mhandisi. Iendeshe mchana, AC ikivuma, nusu saa kwenye foleni ya kweli, si kuzunguka yadi mara moja. Tazama vile vipande vya betri kwenye dashibodi. Vikipanda na kushuka kwa kasi kama lifti, betri imepungua ujazo: tanki limekuwa dogo, ndiyo maana linajaa na kuisha upesi. Kisha unganisha mashine ya kusoma gari uone volti za seli. Seli moja ikiachwa nyuma na wenzake, rudisha funguo. Angalia na tundu la hewa ya kupoza betri, ndani ya gari upande wa nyuma. Nimeona limezibwa na kanga, na mwenye gari analalamikia betri.

Mengine kwa haraka. Tanki la mafuta liko chini ya siti za mbele, kwa hiyo siti za nyuma unaweza kukunja makalio yake juu ukasimamisha ndoo, mche wa mwembe, hata friji ndogo. Ni ubunifu bora kuliko chochote kwenye gari hii. Springi ni ngumu, matuta yetu utayahisi mgongoni. Sakafu ya buti ina betri chini yake, na gari nyingi za aina hii zinakuja bila tairi la akiba, kwa hiyo uliza.

Sasa pesa, maana ndipo uamuzi ulipo. Dada yangu ni nesi, anaishi Kibaha, anafanya kazi mjini, na tayari alikuwa na fomu ya mkopo wa SACCOS kwa ajili ya Vezel. Tulikaa na kalamu. Lita moja tuliiweka shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu.

Mtu wa Tegeta anayekwenda Posta kila asubuhi kwenye foleni, kilomita 1,000 kwa mwezi, akitokea kwenye gari ya injini ya lita mbili inayompa kilomita 9 kwa lita: anatoka lita 111 anaingia lita 59. Ni shilingi 156,000 kila mwezi, karibu milioni 1.9 kwa mwaka. Huyo namwambia anunue, akiweka pembeni nusu ya akiba hiyo kwa ajili ya ile karatasi ya bei za klachi na betri.

Dada anatoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, barabara ni nyeupe. Anarudi zamu ikiisha, mara nyingi nje ya foleni. Kilomita 1,540 kwa mwezi. Vezel ingemla lita 83. Gari ndogo ya petroli inayotoa 15 kwa lita kwenye barabara wazi ingemla 103. Tofauti ni lita 20, shilingi 60,000. Na kwenye yadi ile ile, Vezel ilikuwa imemzidi bei ile gari ndogo kwa kiasi ambacho akiba hiyo isingekilipa ndani ya muda wa mkopo wake, hata klachi isipoguswa.

Alinijibu kwamba mimi napenda kuua ndoto za watu. Fomu ameirudisha SACCOS kubadilisha kiasi.