Grafiki Nyonge na Haki Yake

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ninaielekeza methali hii kwa kitu ambacho wahenga hawakukiona: kile kisehemu cha prosesa kinachochora picha kwenye skrini ya laptopu isiyo na kadi ya grafiki. Wapenzi wa gemu hukidharau. Wapo hata wanaodai kwamba ndicho kinachodumaza gemu za kompyuta, kwa kuwa watengenezaji hawawezi kusonga mbele ilhali wateja wengi wamebaki na mashine dhaifu. Katika tahakiki hii ninapinga dai hilo. Hoja yangu ni kwamba mustakabali wa gemu za kompyuta unategemea mashine nyonge kuliko mashine za kifahari, na kwamba sisi wa mpakani tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili.

Nianze na matini yenyewe. Kila gemu mpya ya kompyuta hutolewa pamoja na orodha ya mahitaji ya chini: prosesa ya aina fulani, RAM ya kiasi fulani, kadi ya grafiki fulani. Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kuuliza hadhira lengwa ya matini ni nani. Tuiulize orodha hii swali hilohilo. Indiana Jones and the Great Circle iliyotoka Desemba 2024, na Doom: The Dark Ages ya Mei 2025, zinadai kadi inayoweza kufuatilia miale ya mwanga kwa vifaa vyake yenyewe. Watengenezaji wana sababu zao: mwanga ukikokotolewa hivyo, msanii halazimiki kuupanga kwa mkono katika kila chumba. Hata hivyo, neno "chini" katika orodha hiyo lina msemaji na lina msikilizaji. Kwa mwanafunzi wa Busia, sakafu ya nyumba hiyo iko juu ya paa lake.

Mashine tunazozifahamu Busia, Malaba na Tororo kwa sehemu kubwa ni laptopu za mtumba zilizostaafu kazi za ofisi ng'ambo: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Tunazipenda kwa sababu ni imara na fundi yeyote anaweza kuzifungua. Chukua EliteBook 840 ya kizazi cha kwanza, iliyokuja na grafiki za Intel HD 4400. Grafiki hizi hazina kumbukumbu yake; huazima RAM ileile inayotumiwa na prosesa. Kipande kimoja cha RAM ya DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde, na hizo zinagawanywa kati ya hesabu na picha. Kadi ya GeForce GTX 1060 yenye gigabaiti 6, ya mwaka 2016, hupitisha gigabaiti 192 kwa sekunde kwa ajili ya picha peke yake. Tofauti hiyo haifutwi na maneno matamu. Mnyonge ni mnyonge.

Lakini unyonge huo unatokana na nini? Hapa ndipo mazungumzo mengi ya wapenzi wa gemu yanapopotoka, kwa kudhani kwamba kasoro ni grafiki kuwekwa pamoja na prosesa. PlayStation 5, ambayo vijana hulipia kuicheza vibandani, nayo imeunganisha prosesa na grafiki katika chipu moja, zikitumia gigabaiti 16 za kumbukumbu kwa pamoja. Steam Deck, kompyuta ya mkononi iliyotolewa na Valve mwaka 2022, imejengwa vivyo hivyo. Kuishi nyumba moja hakujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni wembamba wa njia. Njia ya PlayStation 5 hupitisha gigabaiti 448 kwa sekunde. Hata katika laptopu zetu njia inaweza kupanuliwa kidogo. Laptopu yangu ilikuwa na kipande kimoja cha RAM. Nilipoongeza cha pili kinacholingana nacho, njia iliongezeka maradufu, na gemu iliyokuwa ikikwamakwama ikaanza kwenda bila mimi kugusa kitu kingine. Kushusha ukubwa wa picha nako husaidia: skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600 za kuchorwa kila mara, ilhali 1280 kwa 720 ina 921,600 tu.

Baada ya hapo linabaki suala la uteuzi wa kisanaa. Stardew Valley ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, inachezeka vizuri kwenye mashine hizi, na hakuna anayeicheza akilalamika kwamba majani ya mahindi hayana vivuli vya kutosha. Msanii aliamua mapema atachora nini na ataacha nini. Mshairi anayefungwa na mizani anaielewa kazi hiyo. Gemu nyingine zinazoishi kwenye laptopu zetu, kama GTA San Andreas na PES 2013, zinaishi kwa sababu tofauti: ziliundwa wakati mashine zote zilikuwa ndogo. Ninazifurahia, ila kuna jambo linalonisumbua. Kijana wa leo anayecheza gemu zilizotoka alipokuwa mtoto mchanga, au kabla hajazaliwa, anakula kiporo. Kiporo hushibisha, lakini hakimweki mtu kwenye meza inapopangwa karamu ijayo.

Wengine watasema tuhamie kwenye simu, na kwa kucheza tu wana haki. Lakini simu humpa kijana gemu bila kumpa karakana ya kuitengenezea. Ushahidi uko nchini Uganda kwenyewe. Lual Mayen, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alikulia katika kambi kaskazini mwa nchi. Mama yake alidunduliza kwa miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia laptopu, na kijana alitembea takriban saa tatu kwenda kuichaji. Katika laptopu hiyo alikutana na GTA Vice City, gemu ya mwaka 2002, na hapo akatambua kwamba gemu hutengenezwa na watu. Akajifunza, kisha akatengeneza Salaam, gemu ya mkimbizi anayetafuta amani. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani. Sidhani kisa hiki kingetokea kama laptopu ile isingeweza kufungua gemu yoyote iliyomgusa.

Hiyo ndiyo hasara ninayoihofia. Mashine nyonge zikiachwa na gemu, zitabaki za kuchapa barua, na vijana wa huku watakuwa walaji tu. Uwezekano wa kuepuka hasara hiyo upo. Godot, programu huru ya kutengenezea gemu, ina namna maalumu ya kuchora picha kwa ajili ya grafiki za zamani, na haimtozi mtu hata shilingi. Waliamua hivyo, wengine nao wanaweza kuamua.

Wenzangu wa Kiswahili, suala hili lisiachiwe wahandisi wa Busitema peke yao. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, kufuatia uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo walimu wanatafuta njia za kukifanya kipendwe na wanafunzi wa upande wa Tororo. Gemu ndogo yenye kisa kizuri, mazungumzo ya sokoni na vitendawili haihitaji miale ya mwanga. Inahitaji waandishi, nasi tunafundishwa uandishi wa kubuni kila muhula. Ninapendekeza idara zetu zikubali hati ya gemu kama kazi halali ya ubunifu, sawa na tamthilia. Ninapendekeza pia kwamba yeyote atakayeitengeneza aijaribu kwanza kwenye laptopu iliyo dhaifu kuliko zote bwenini. Ikichezeka hapo, ndipo aandike mahitaji yake ya chini.