Wahindi wa Vituo vya Biashara vya Usukuma, na Vitabu Vinavyowataja

Mwalimu wa Bariadi, Maswa au Meatu akitaka kuwafundisha wanafunzi wake habari za Wahindi waliokuja kukaa katika nchi yetu, hatakosa vitabu. Kipo cha J. S. Mangat, A History of the Asians in East Africa, kilichotoka mwaka 1969. Na kwa wapendao hadithi, kipo The Gunny Sack, yaani Gunia, cha M. G. Vassanji, kilichotoka mwaka 1989. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na vyote viwili vyastahili heshima. Lakini twaona kuwa msomaji wa Simiyu akivifunga atabaki na swali lile lile alilokuwa nalo alipovifungua: Je, wale waliokaa kwetu walikuwa nani, na kwa nini walikaa hapa wala si pale? Swali hilo ndilo tulilotaka kulichungua, kwa kuwa pengo lililo katika vitabu hujazwa na maneno ya barazani, na maneno ya barazani hayana haki sikuzote.

Kwanza na tuangalie jinsi watu hawa walivyoenea. Katika mkoa wa Ziwa hawakuenea kama mbegu zimwagwazo ovyo, bali walifuata njia. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa zilivuka ziwa kwa meli hata Mwanza, mji ulioanzishwa na Wajerumani mwaka 1892. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetoka Kachi akiwa kijana na kufariki mwaka 1916, alitangulia kuwaonyesha wenziwe kuwa duka laweza kuifuata reli na meli hata mbali na pwani. Kisha mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikapita Shinyanga na Malampaka. Na mahali penye stesheni na pamba, hapo duka halikosi. Tena serikali ya Waingereza haikumruhusu mgeni kufungua biashara popote apendapo, bali katika vituo vilivyotangazwa na kupimwa viwanja. Kwa hiyo tukiona duka la Mhindi mahali fulani na si kijiji cha pili, tusidhani ni hiari ya moyo wake tu. Njia, pamba na sheria ndizo zilizompangia.

Hapa ndipo tunapoanza kukikosoa kitabu cha Mangat. Ni kazi ya mwanachuo mwangalifu, tena yenye mpango mzuri. Lakini kwa jina lake lenyewe chaishia mwaka 1945, na kwa Usukuma huko ni kuishia katikati ya sentensi. Habari iliyo kubwa kwetu ilikuja baadaye. Wakulima wa pamba walikuwa wakinung'unika juu ya mizani ya wanunuzi, wakisema kuwa uzito unaosomwa si uzito waliouleta. Paul Bomani na wenzake wakawakusanya wakulima, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uitwao Victoria Federation of Co-operative Unions. Katika miaka michache ununuzi wa pamba ukatoka katika mikono ya Wahindi na kuingia katika vyama vya wakulima. Duka la kituoni lililotegemea msimu wa pamba likapoteza nguzo yake. Likaja Azimio la Arusha la mwaka 1967, kisha sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majengo ya kupangisha, na wengi wakahamia Mwanza, Dar es Salaam, au ng'ambo. Basi historia ya kuenea kwao bila historia ya kuondoka kwao ni nusu ya hesabu.

Hadithi ya Vassanji ina sifa nyingine na upungufu mwingine. Humo twasoma habari za Dhanji Govindji, aliyetoka Bara Hindi akafanya duka katika mji mdogo wa pwani uitwao Matamu. Akazaa na mjakazi aitwaye Bibi Taratibu mwana jina lake Huseni. Na mwana huyo alipopotea, baba akamtafuta hata mali yake ikateketea. Mwandishi hakuificha damu ya Kiafrika iliyo katika ukoo huo, na kwa hilo twamsifu, maana wengi walipenda kuisahau. Lakini mji wa Matamu ni wa kubuni, na tangu hapo kisa chavutwa kwenye miji mikubwa, hasa Dar es Salaam. Msomaji asiyejua aweza kudhani kuwa Mhindi wa bara alikuwa akipita njia tu kuelekea mjini. Mwenye duka katika nchi ya Wasukuma, aliyejifunza Kisukuma kabla mtoto wake hajajifunza Kiingereza, hakupata nafasi katika gunia lile.

Twajua kuwa mtunga hadithi hafungwi kuandika kila mahali. Wala hatumlaumu kwa asichokusudia. Twalaumu desturi yetu sisi walimu ya kuichukua hadithi moja iwe picha ya wote.

Maana hata jina "Wahindi" laficha mengi. Ndani yake wamo Makhoja wa Ismailia na Makhoja wa Ithnaasheri, Mabohora, Wahindu ambao wazee waliwaita Mabanyani, Makalasinga na Magoa, kila jamaa na ibada yake, na mara nyingi na kazi yake. Vassanji mwenyewe alibuni jina la Washamsi kwa jamaa anaowasimulia, ili tusiwachanganye na wengine. Kisha hata katika jamaa moja, mwenye kiwanda cha kuchambulia pamba si sawa na mwenye duka la chumvi na kaniki. Huyu wa pili kwa kawaida alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa mjini; na yeye akimkopesha Msukuma, sheria ya wakati ule ilimzuia kumdai mahakamani bila kibali. Alikuwa mdeni upande mmoja na mdai asiye na nguvu upande wa pili. Hayo hayafuti dhuluma ya mizani. Lakini mwalimu afundishaye kuwa "Mhindi alituibia" bila kusema yupi na kwa njia gani, afundisha chuki, si historia.

Ushahidi wa kusahihisha hayo uko wapi? Sehemu kubwa ilikuwa katika madaftari ya maduka, nayo yaliandikwa Kigujarati. Mwaka 1923 serikali ilipotunga sheria za kodi na leseni zilizotaka hesabu ziandikwe kwa lugha ambazo maofisa waweza kuzisoma, Wahindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kwa majuma kadhaa. Mambo hayo yatuonyesha jinsi lugha ya daftari ilivyokuwa jambo zito. Mwandishi asiyesoma Kigujarati huwaona watu hawa kwa macho ya bwana shauri tu.

Hesabu za watu nazo hazitusaidii leo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na asili. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497 katika mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, bila kumwuliza yeyote babu yake alitoka wapi. Twaiona kuwa ni busara katika serikali, nayo yapatana na msimamo wa Nyerere mwaka 1961, alipokataa bungeni kuupima uraia kwa rangi. Amir Jamal, aliyezaliwa Mwanza mwaka 1922 katika ukoo wa Kihindi, akawa waziri wa fedha wa nchi hii kwa miaka mingi. Lakini serikali kutouliza si sababu ya mwalimu kutotafuta.

Na ajuaye kusikiliza atapata pa kuanzia katika lugha yenyewe. Duka, gunia, bohari, hundi, bima, laki: maneno hayo yametufikia kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Neno "bepari" latokana na Kigujarati, na maana yake ya kwanza ni mfanyabiashara tu. Baada ya mwaka 1967 likawa jina la mnyonyaji. Ndani ya neno moja twaona jirani akigeuzwa kuwa adui.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Vitabu hivi visomwe, lakini visisomwe peke yake. Kila mwalimu aliye karibu na kituo cha zamani cha biashara aandike, wangali hai wazee waliokijua: nani alikaa wapi, alinunua nini, alisema lugha gani, alikwenda wapi. Aandike na habari za mizani, na habari za mkopo uliosamehewa mwaka wa njaa, kama ulikuwapo. Kazi hiyo haikufanywa na Mangat wala Vassanji, wala haikuwa deni lao. Ni deni la wenyeji.