Hesabu ya Nane

Katika mji kama Mwingi, Kaunti ya Kitui, mashindano madogo ya taekwondo ya ridhaa, yaani ya wachezaji wasiolipwa ambao mateke yao huruhusiwa kutua kwa nguvu zote, hutegemea waamuzi wanaostahili shukrani nyingi kuliko wanazopata. Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda ofisi ya Msajili wa Michezo, inayosajili vyama na vilabu. Lakini usalama wenyewe huanza pale mwamuzi anapokagua kinga ya kifua, ya kichwa na ya meno, na, mchezaji akiangushwa, anapohesabu hadi nane hata kama kijana amekwisha simama, huku akimtazama machoni. Asiporidhika, pambano huishia hapo, hata ukumbi ukipiga kelele.